Kipimo cha Ukali

Hadithi nyingi huanzia zamani za kale. Hii si ya kale hata kidogo, lakini kwa kuiheshimu serikali inayohusika, ambayo haipendi kusimuliwa ingali madarakani, tukubaliane tu kwamba ilitokea zamani na kwamba wote waliokuwamo wameshazeeka.

Palikuwa na nchi iliyoitwa Shwari. Jina hilo lilipitishwa bungeni baada ya ghasia fulani ambazo, kwa mujibu wa serikali, hazikutokea. Tangu siku hiyo ikawa kosa kwa raia kukunja uso mbele ya jengo la umma. Wenye maumivu ya jino waliruhusiwa, mradi wawe na cheti cha daktari.

Mto mpana uliipasua Shwari katikati. Upande mmoja ulikuwa mji mkuu, wenye taa za barabarani na picha za Rais. Upande wa pili, uliounganishwa na mji kwa daraja moja la chuma, ulikuwa Ng'ambo, na huko waliishi Wavuko. Lugha yao ilikuwa ileile ya mjini, sala zao zilezile, na mapishi yao yaleyale, isipokuwa walitia tangawizi kwenye maharage. Kwa vizazi vingi hakuna aliyeiona tangawizi hiyo kuwa tatizo.

Kisha ukaja mtandao wa simu uitwao Kibarazani, ambamo watu waliweza kuongea bila kuonana. Mwanzoni waliuziana kuku na kutakiana heri. Halafu mtu mmoja asiyejulikana, mwenye picha ya waridi mahali pa uso, akaandika kwamba Wavuko wanazaana kama panya. Mwingine, mwenye picha ya kitoto kinachocheka, akaandika kwamba tangawizi huugeuza moyo wa mtu kuwa wa muuaji. Haukupita muda wenye maduka wa Kivuko waliokuwa wakifanya biashara mjini wakaanza kukuta vioo vimevunjwa. Wavunjaji walipoulizwa sababu, walijibu kwa adabu kwamba wamesoma.

Wakati huo Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa na mwalimu mmoja wa mawasiliano ya kisiasa, Dokta Salme Kitojo. Alikuwa mwanamke mpole wa makamo, asiye na mume wala makuu, na kazi aliyoisomea ilikuwa ngumu kuielezea harusini: alisoma matusi ya watu wengine bila kukasirika, ili ajue yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Mama yake, ambaye hakuielewa kazi hiyo hata siku moja, aliwaambia majirani kwamba binti yake anafundisha adabu.

Vioo vilipozidi kuvunjika, Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Sefania Bwakila, aliwaita wasomi wote ofisini kwake. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na aliposema watu walilazimika kuinama kumsogelea, jambo ambalo inasemekana ndilo lililompa uwaziri. Aliwaambia kwamba Rais hali akashiba kwa sababu ya siasa kali za mitandaoni, na kwamba anataka chanzo chake kijulikane. Yeye binafsi aliamini kinatoka nchi za nje, au kwa Wavuko wenyewe, wanaojitukana ili waonewe huruma. Hata hivyo utafiti uwe huru, alisema, huru kabisa, na akamgawia kila msomi karatasi yenye matokeo.

Wenzake Salme waliipokea karatasi ile kwa shukrani, maana iliwapunguzia kazi. Salme naye aliipokea. Ila akiwa nyumbani aliisoma, akaona haya kwa niaba ya aliyeiandika, akaifungia vitumbua.

*

Ili apime maneno ya nchi nzima, Salme alihitaji kuyasikia pia maneno ya Wavuko, na Wavuko walikuwa wameshaikimbia Kibarazani. Walizungumza kwenye makundi yao ya simu, ambamo mgeni hakuingia. Akaelekezwa kwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa na saluni ndogo ya matofali upande wa Ng'ambo, hatua chache kutoka darajani. Wanawake walikwenda pale kusuka, na zaidi ya kusuka walikwenda kutua mizigo ya moyoni. Yeye mwenyewe alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito. Ndiye aliyelisimamia kundi la simu la wanawake wa Ng'ambo, ambamo walitumiana sauti mchana kutwa, za kuulizana hali, kuchangiana misiba na kumsema Mkuu wa Ng'ambo aliyeyaezua mabati ya zahanati na kuyaezekea banda la ng'ombe wake.

Salme alikwenda kusuka kila juma, na hakuomba kitu. Alikaa akisikiliza. Nywele zake zilisukwa mitindo ambayo mwalimu wa chuo kikuu hakupaswa kuonekana nayo. Hatimaye siku moja Bi Kidawa alimaliza kumfunga ncha ya ususi, akazunguka akaja kukaa mbele yake, akamuuliza anataka nini hasa. Salme akamweleza kila kitu, tena bila kupamba.

Bi Kidawa alizing'oa nywele zilizonasa kwenye kitana. Kisha akasema, "Nitakupa sauti za wenzangu, Dokta. Lakini ujue unachobeba. Mchele ukimwagika utaokotwa na kuku. Sauti ya mtu ikimwagika haiokotwi na yeyote."

Salme akamwambia, "Dada, hazitafika mkononi mwa mtu mwingine. Naahidi."

Alikuwa akisema kweli. Hilo ni la kumkumbukia, kwa sababu wengi waliosimulia habari hizi baadaye walilisahau.

*

Kwa miezi kadhaa Salme alikaa na maneno ya watu wa Shwari, akatengeneza kipimo. Sifuri ilikuwa salamu. Kumi ilikuwa kuwahimiza watu waue. Kipimo hakikujali nani kasema wala kwa nini. Kilipima neno peke yake, na wakati ule Salme alijivunia sana jambo hilo.

Sauti za wanawake wa Ng'ambo nyingi zilipata mbili na tatu. Walilalamikia bei ya unga, mashimo ya darajani, na wakwe zao. Maneno ya wenye nyuso za waridi yalipata tisa, na mengine kumi.

Lakini jambo lililomnyima Salme raha halikuwa ukali wao. Lilikuwa nidhamu yao. Wenye nyuso za waridi walianza kuchukia ofisi zilipofunguliwa. Walinyamaza wakati wa chai. Baada ya chakula cha mchana walichukia kivivuvivu, kama mtu mwenye usingizi, na ofisi zilipofungwa wakanyamaza. Siku ya Utulivu, ambayo ni sikukuu ya taifa, hakuna mtu aliyemchukia mwenzake katika Shwari nzima. Kisha mwewe mmoja akaungulia kwenye nyaya za umeme katika mtaa wa serikali, na mtaa ukakaa gizani. Kuanzia mpaka wa kaskazini hadi wa kusini, vijijini na mijini, hakukuandikwa tusi hata moja. Chuki ya wananchi, iliyosemekana kuwa ya asili na isiyozuilika, ilikuwa ikimsubiri fundi apande nguzo.

Kuanzia hapo haikuwa vigumu kufuata nyayo. Zilikwenda mpaka nyuma ya Wizara ya Utulivu, kwenye jengo dogo jeupe lenye kibao kilichosomeka: Kitengo cha Hisia za Wananchi.

Mkuu wa idara ya Salme chuoni, Profesa Machumu, alipoisoma ripoti alifunga mlango, kisha dirisha, kisha akavuta pazia. Hakuwa mtu mbaya. Alimshauri aandike kwamba chanzo bado kinachunguzwa, sentensi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiandika maisha yake yote na haijawahi kumletea shida. Salme aliposema kwamba ukweli lazima usemwe, Profesa alimtazama kwa huzuni ya kweli.

"Ukweli ni yatima, Salme," alisema. "Kila mtu anamhurumia, hakuna anayemchukua nyumbani."

Asubuhi ya kuiwasilisha ripoti, Salme alimwachia jirani ufunguo wa nyumba, akatia mswaki na khanga mkobani, kwa kuwa alisikia mahabusu hawapewi, akaenda wizarani.

Mheshimiwa Bwakila aliisoma ripoti mwanzo hadi mwisho huku akifuatisha mistari kwa kidole. Alipofika penye jengo jeupe alisimama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alizunguka meza, akamshika Salme mikono yote miwili.

"Tulikuwa tunatuma tu," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Hatukujua kama tunafika. Kumbe tunafika mpaka vijijini."

Salme alidhani hakueleweka. Akaanza upya, akaeleza habari za vioo, za mwenye duka aliyevunjwa mkono, na za watoto wa Kivuko walioacha shule kwa hofu. Waziri alimsikiliza kama mzazi anayesomewa matokeo mazuri ya mwanawe. Kisha akamwalika akaone mwenyewe.

Ndani ya jengo jeupe palikuwa pasafi, pana mapazia ya maua na harufu ya chai ya iliki. Vijana nadhifu walikuwa wameinamia kompyuta zao. Walipomwona aliyeingia wote walisimama kwa pamoja.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema.

Walikuwa wanafunzi wake. Aliwajua kwa majina, wengine mpaka kwa miandiko. Kiongozi wao alikuwa Yusta, msichana aliyekuwa na akili kuliko wote katika darasa lake, ambaye Salme mwenyewe alimwandikia barua ya kumsifu alipokuwa akitafuta kazi. Yusta alimletea mwalimu wake kiti, akamletea na chai, akamweleza kwa fahari namna wanavyofanya: kwanza humtia mtu hofu, kisha kinyaa, kisha humpa jirani yake jina la mnyama. Mpangilio ule Salme aliutambua. Ndio aliokuwa akiufundisha kila mwaka, muhula wa pili.

"Ulitufundisha kuitambua sumu," Yusta alisema. "Na anayeitambua, Mwalimu, hashindwi kuichanganya."

Salme alishindwa kuinywa ile chai. Walipotoka ukumbini alimuuliza Waziri jambo moja tu, kwa nini, na Waziri, ambaye hakuona sababu ya kumficha mtu wa nyumbani, alimjibu taratibu kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Unga umepanda, Dokta. Hospitali hazina dawa. Watu wana hasira, na wana haki ya kuwa nayo. Lakini hasira ni maji ya mvua. Usipoyachimbia mfereji yatakuingilia sebuleni. Sisi tumeyachimbia mfereji, yanakwenda Ng'ambo."

Salme alirudi chuoni na mswaki wake mkobani. Mkuu wa Chuo alikuwa akimsubiri getini na shada la maua, na wakati anapigwa picha, Yusta na watu wawili wa wizara walikuwa wakishusha ngazini kompyuta zake zote, kwa hifadhi ya taifa. Salme aliwakimbilia. Alisema mle ndani mna sauti za watu, si za ripoti, si za serikali, aliahidi. Yusta alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa binti aliyelelewa vizuri.

"Kwetu zitakuwa salama zaidi, Mwalimu," alisema, akaufunga mlango wa gari.

*

Bunge lilipitisha Sheria ya Kipimo cha Ukali kwa nyimbo na vigelegele. Salme alivishwa nishani. Kuanzia siku hiyo neno la raia yeyote likifika sita lilikuwa kosa, na likifika nane lilikuwa jela.

Shwari ikaanza kujipima. Mtangazaji wa mpira alikamatwa kwa kusema timu ya taifa imechinjwa. Padri mmoja alionywa kuhusu habari za Jehanamu, na sheikh wa jirani, kwa busara, akahamia kwenye mada ya usafi wa mwili. Mama aliyefiwa alilia kwa saba, akasamehewa mara ya kwanza. Wanandoa walianza kupeleka simu za wenzao kituoni, na polisi, waliokuwa na familia pia, waliomba sheria iwe na likizo. Kitengo cha Hisia za Wananchi hakikupimwa. Serikali ilieleza kwamba mganga hanywi dawa ya mgonjwa.

Siku zote hizo Salme aliandika barua wizarani kudai zile sauti, na siku zote alijibiwa kwa shukrani na kuombwa afya njema. Alipunguza kula. Alikwenda mpaka darajani mara kadhaa ili akamwambie Bi Kidawa, na kila mara alirudi, akijidanganya kwamba ataanza kwanza kuzipata sauti, ndipo aende na habari njema.

Habari ikamtangulia. Bi Kidawa alikamatwa akiwa anamsuka mteja, na mteja akarudi kwao amesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Kosa lake lilikuwa maneno aliyoyasema kwenye kundi kuhusu Mkuu wa Ng'ambo na mabati ya zahanati: kwamba mtu yule angekuwa nguo, yeye angemfua mpaka rangi itoke. Kipimo kiliyapa maneno hayo nane.

Salme hakurudi tena njiani siku hiyo. Alivuka daraja, akamkuta Chande, mume wa Bi Kidawa, uani akiosha vyombo. Alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu, mnyamavu. Alisimama akafuta mikono.

"Karibu, shemeji," alisema, akamtolea kigoda.

Salme alikuwa amejiandaa kutukanwa. Angetukanwa angepumua. Badala yake Chande alimuuliza kama anajua chakula gani kinaruhusiwa kupelekwa mahabusu, na kama wanawake wanapewa blanketi. Salme akamwambia kila kitu, tangu ahadi mpaka kompyuta. Chande aliendelea kuitazama sufuria iliyokuwa mbele yake.

"Nilimuuliza amekuaminia nini," alisema mwishoni. "Akaniambia, yule anasikiliza kuliko anavyosema."

Salme alikaa pale mpaka ikawa ni adabu kuondoka.

*

Mahakama ya Maneno ilikuwa katika jumba la sinema la zamani. Wasikilizaji walitakiwa wasigune kwa zaidi ya mbili. Bi Kidawa alisimamishwa mahali palipokuwa na pazia zamani, ushungi umefungwa vizuri, na hakumtazama Salme hata mara moja. Yusta alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni la heshima.

Wakili wa serikali alimwita Salme kama shahidi mtaalamu. Alimsifu kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kama kipimo kile ni chake, na Salme akakubali. Ndipo akamuuliza kama kinasema kweli.

Salme alikuwa ameliona swali hilo likija tangu asubuhi, kama mtu anavyoliona gari likija naye amekwama barabarani. Akisema kinasema kweli, Bi Kidawa angefungwa. Akisema hakisemi kweli, basi jambo pekee la kweli alilowahi kulipata katika nchi ile, la jengo jeupe na chuki inayokwenda likizo, lingekufa naye akiwa hai. Alivua miwani akaishika.

"Kipimo hiki ni kibovu, Mheshimiwa Jaji," alisema. "Kinampima anayepiga na anayelia kwa mizani moja. Aliyekitengeneza alijiona mwadilifu kwa sababu hakuuliza nani ana fimbo. Aliyekitengeneza ni mimi."

Wakili hakukasirika, akaonekana mtu aliyefika alikokuwa akienda. Aliuliza kwa upole kama basi na yale ambayo kipimo kilisema kuhusu Wizara ya Utulivu nayo yalikuwa upuuzi. Salme akatambua kwamba swali la kwanza lilikuwa mlango tu, na hili ndilo nyumba. Aliinua macho. Bi Kidawa, kwa mara ya kwanza, alikuwa akimtazama.

"Ndiyo," alisema. "Na hayo nayo."

Jaji alitoa hukumu bila kwenda faragha. Bi Kidawa aliachiwa, akaonywa asizungumzie tena ufuaji. Wizara ilisafishwa, na yeyote atakayesema kwamba chuki ina anuani atakuwa mhaini. Mwisho, kwa kuwa nchi sasa haina kipimo, iliamuliwa kwamba maneno ya raia yatapimwa kwa macho ya mwenye mamlaka atakayekuwa karibu. Watu waliguna, lakini si kwa zaidi ya mbili.

Nje, kwenye ngazi, Chande alikuwa amemfunika mkewe mtandio mwingine juu ya ule wa kwanza, ingawa jua lilikuwa kali. Salme aliwasogelea. Alitaka kuomba msamaha, na maneno yote aliyoyasomea maisha yake hayakumpa hata moja.

"Mimi umenitoa," Bi Kidawa alisema. "Wenzangu je?"

Akashuka ngazi na mumewe, wakaelekea darajani.

Salme hakuelewa mara moja. Alielewa alipoona watu wote waliokuwa pale ngazini wameinamia simu zao. Sauti za wanawake wa Ng'ambo zilikuwa zimemwagwa Kibarazani, zote, kila moja na jina la mwenyewe na mtaa wake. Zilikuwa zimekatwakatwa. Pale ambapo wanawake wale walisema mzaha wakaangua kicheko, kicheko kilitolewa na mzaha ukaachwa. Bila kicheko yalikuwa maneno ya kutisha kweli. Mmoja alisema atamtia mtu kwenye chungu. Mwingine alisema watamfua mpaka rangi itoke. Juu ya sauti hizo, mwenye uso wa waridi alikuwa ameandika: sikieni wanavyotuandalia.

Alimkuta Yusta akiingia garini. Akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu amjue, akamsihi aziondoe zile sauti. Binti alikuwa ameshika simu yake mbali kidogo na mwili, kama kitu cha moto.

"Sisi tuliacha kuandika tangu asubuhi, Mwalimu," alisema, na sauti yake haikuwa ya fahari tena. "Tuliweka mara moja tu. Hayo unayoyaona wanaandika wenyewe. Hata tukizima umeme sasa, haitasimama."

Redioni, Mheshimiwa Bwakila alikuwa akitangaza kwamba nchi ni tulivu.

*

Salme alitembea kuelekea mtoni, na njia haikuwa tupu. Watu walikuwa wakitoka majumbani kama wanaokwenda kushuhudia mechi. Aliwaona mlinzi wa chuo, mwuza vitumbua wake, na jirani aliyemwachia ufunguo. Wengine walishika mipini ya majembe, wengine madumu, na mmoja alibeba stuli ya kupandia. Walimsalimu kwa heshima. Jirani alimshauri arudi nyumbani akapumzike, maana amechoka na mambo ya mahakama, na akamwambia asiwe na wasiwasi, kuku wake ameshawapa maji.

Wanajeshi walikuwa wamefunga kamba darajani. Salme alimshukuru Mungu alipowaona. Kiongozi wao alimtambua kwa ile nishani iliyokuwa magazetini, akamwinulia kamba apite, na katika kuinua akamnong'oneza asikawie huko. Alipokuwa katikati ya daraja alisikia injini nyuma yake. Aligeuka akaona wanajeshi wakiikunja kamba kwa uangalifu, wakipanda lori. Amri ilikuwa imefika kwamba wananchi wapewe nafasi ya kueleza hisia zao kwa uhuru. Kijana mmoja nyuma ya lori alimpungia mkono.

Upande wa mjini umati ulisimama kidogo, kama watu wasioamini kwamba mlango umeachwa wazi. Kisha wa mbele wakalikanyaga daraja, na vyuma vikaanza kulia.

Salme alikimbia. Ng'ambo madirisha yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Walioweza walikuwa wameshaelekea mashambani na watoto mgongoni. Wengine, wazee na wajawazito na waliokataa, walikuwa wakiingia kwenye saluni ya Bi Kidawa, kwa sababu ilikuwa ya matofali. Chande alikuwa mlangoni akiwapokea kwa mkono. Alimwona Salme, akasita, akamgeukia mkewe.

Ndani palikuwa na joto, na macho ya wanawake wale yote yalimwangukia. Alizijua sauti zao kwa muda wote ule, na nyuso nyingi sasa ndiyo kwanza anaziona. Angeweza bado kurudi. Daraja lingempitisha, yeye alikuwa na nishani, na alikuwa mtu wa upande ule.

Bi Kidawa alikuwa akilisukuma kabati kubwa la vioo na mafuta ya nywele kuelekea mlangoni, peke yake, na kabati lilikuwa halisogei. Kelele za vyuma vya daraja zilikuwa zimekoma, maana yake watu walikuwa wameshafika kwenye udongo. Alimtazama Salme aliyesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje. Usoni mwake hamkuwa na msamaha, wala hasira haikuwamo.

"Dokta," alisema, "shika upande ule."

Salme aliingia, Chande akaufunga mlango, na Salme akashika upande ule.